Ukikimbia, Utafika kwa Nani?

Kila habari za utumwa zinapozungumzwa, darasani au barazani, swali moja huibuka mapema: kwa nini hawakukimbia? Vijana ndio wanaoliuliza zaidi, na mara nyingi huliuliza kwa ukali, kana kwamba aliyebaki aliridhia. Nataka kulijibu nikiwa nimeelekeza macho Njombe, kwenye nyanda za juu ambako leo barabara ya Dar es Salaam na Mbeya inaachana na ile ya Songea pale Makambako. Huku si Zanzibar wala Bagamoyo, na hakuna soko la watumwa la kumwonyesha mgeni. Lakini katika karne ya 19 watu wa huku walitekwa, wakauzwa, wakawekwa rehani, wakatoroka, wakapokewa na wengine wakarudishwa. Ukifuatilia namna walivyotoroka utaona kwamba njia haikuwa tatizo kubwa. Misitu ilikuwepo, usiku ulikuwepo, na wengi walitekwa mwendo wa siku chache tu kutoka kwao. Tatizo lilikuwa mlango wa kubisha hodi baada ya mbio kwisha.

Tuanze na nchi yenyewe. Wabena, wenyeji wa Njombe, walikaa katikati ya madola matatu yenye njaa ya watu. Kaskazini walikuwepo Wahehe, chini ya Munyigumba hadi alipofariki mwaka 1879, kisha chini ya mwanawe Mkwawa. Magharibi walikuwepo Wasangu wa akina Merere, wenye ngome yao Utengule. Kusini walikuwepo Wangoni, waliotoka mbali kusini mwa Afrika na kuunda himaya za Njelu na Mshope katika eneo la Songea ya leo. Misafara ya pwani ilileta bunduki, baruti na nguo, ikataka pembe za ndovu na wanadamu. Kwa hiyo mateka mmoja alikuwa na matumizi mengi: angeweza kulima, kupigana, kuzaa, kulipia deni au kununulia bunduki. Baadhi ya watawala wa Wabena waliona afadhali kuhama, wakateremka na watu wao hadi bonde la Kilombero. Waliobaki juu waliishi kwa kubadilisha bwana kila upepo wa vita ulipogeuka.

Hapo ndipo swali la kukimbia linapobadilika sura. Katika nchi kama hiyo mtu hakulindwa na uhuru wake. Alilindwa na watu waliokuwa tayari kusema, huyu ni wetu. Aliyetoka usiku katika boma la bwana wake alikuwa, kuanzia alfajiri, mtu asiye wa yeyote, na mtu asiye wa yeyote ni mali ya wa kwanza kumwona. Kama kijiji chake kilikuwa kimechomwa na ndugu wametawanyika, alirudi wapi? Wengi walibaki kwa sababu walikuwa wamefanya hesabu hiyo hadi mwisho wake, na sioni haki ya kuwaita waoga.

Kuna waliobaki wakapanda cheo. Katika Ungoni mateka na watu waliotiishwa waliitwa Sutu, na kufikia mwisho wa karne walikuwa wengi kuliko wazao wa Wangoni waliotoka kusini. Kijana aliyetekwa mdogo alilelewa katika nyumba ya aliyemteka, akapewa ngao, akaingizwa kikosini. Songea Mbano, kiongozi ambaye mji wa Songea una jina lake, alikuwa wa ukoo wenye asili ya Washona waliomezwa na Wangoni safarini. Mlango huo wa kupanda ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na kodi yake. Kijana wa namna hiyo aliamriwa siku moja kwenda vitani, na vita ilikuwa ni kuteka. Akikataa, anabaki mtumwa au anauawa. Akienda, atarudi na mtoto wa mtu mwingine mkononi, na mtoto huyo ndiye atakayempandisha cheo. Historia ya nyanda za juu imejaa watu waliokuwa mateka na watekaji katika maisha yale yale, na mtu anayetaka kugawa wahusika katika makundi mawili safi hatawaelewa kamwe.

Mzigo mzito zaidi ulikuwa wa wanawake, na bahati nzuri sauti za baadhi yao zimetufikia. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi upande wa Mbeya, aliandika masimulizi ya maisha ya watu waliopitia utumwa. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1993 pamoja na masimulizi mengine ya ukanda ulio kati ya maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Mmoja wao ni Narwimba. Mumewe alipokufa, Narwimba alijua kwamba mjane asiye na mwanamume wa kumsemea anaweza kuchukuliwa wakati wowote, yeye na wanawe. Alimwendea mpwa wa marehemu, Mirambo (siye yule mtawala wa Unyamwezi), akamwomba amrithi awe mke wake ili apate ulinzi. Wengine wataona hapo mwanamke aliyejitoa mwenyewe chini ya mamlaka ya mwanamume. Mimi naona mtu aliyetathmini kila kilichokuwepo akachukua kilichobakiza watoto wake karibu naye. Baadaye mjukuu wake wa kike alipotakiwa atolewe kulipa fidia, mlinzi yule yule aligeuka hatari, na Narwimba akamchukua mtoto wakatoroka. Alikubali kufungwa alipohitaji hifadhi, akakimbia hifadhi ilipotaka kula damu yake.

Kisa kingine ni cha mama wa Swema, na sijui kisa kinachoniuma kuliko hiki. Swema alikuwa binti wa Kiyao. Mama yake alishindwa kulipa deni, mdai akamchukua mtoto na kumwuza kwa msafara uliokuwa ukielekea pwani. Mama alikuwa huru. Hakuna aliyemtaka. Aliomba mwenyewe aruhusiwe kuingia katika msafara ili awe na binti yake. Njiani nguvu zilimwishia, wakamwacha afe. Swema alifikishwa Zanzibar akiwa hoi kiasi kwamba alizikwa akidhaniwa amekufa, akaokolewa na kijana aliyesikia akiguna chini ya mchanga, akapelekwa misheni ya Wakatoliki mwaka 1865. Mapadre waliyaandika maisha yake kwa nia ya kugusa mioyo ya wafadhili wa Ulaya, na ni vizuri kuyasoma tukilikumbuka hilo. Lakini uamuzi wa mama yule hauhitaji kupambwa na padre. Alikuwa na uwezo wa kubaki huru akauacha.

Tukiweka visa hivyo viwili pamoja tunaona kwamba kwa mzazi, kutoroka na kujisalimisha vinaweza kutoka kwenye chanzo kimoja. Mwanamume kijana aliyetekwa peke yake aliweza kupima usiku, mto na mwendo. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi alipima kilio cha mtoto gizani. Akimwacha mmoja ili aokoe mwingine, uhuru wake ungekuwa na jina la yule aliyebaki. Ndiyo maana wanaume vijana walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kutoroka, na ndiyo maana mabwana walipendelea kuwaoza mateka haraka. Mtoto aliyezaliwa bomani alimfunga mama yake kuliko kamba.

Sasa tuje kwa ndugu, maana utumwa haukuletwa na adui peke yake. Katika masimulizi ya Wright yumo pia Bwanikwa, Mluba wa Kongo, ambaye habari zake ziliandikwa na mmisionari Dugald Campbell. Baba yake alifiwa na mke mkubwa, na ukoo wa marehemu ukamdai watumwa watatu kama fidia ya kifo. Alikuwa nao wawili. Alikuwa na mabinti pia, na mmoja wao alipaswa kujazia pengo. Akachaguliwa Bwanikwa, kwa ahadi kwamba atakombolewa. Hakukombolewa, akapita mikononi mwa mabwana wengi. Mfumo huo wa rehani, wa kumtoa mtu kulipia deni au fidia, ulikuwa mpana sana katika Afrika Mashariki na Kati, na uzito wake wa kimaadili uko hapa: ulimfanya mzazi kuwa mwamuzi. Asipotoa mmoja, ukoo mzima unaingia vitani au wote wanachukuliwa. Akitoa, nani? Tunaweza kumlaumu baba, na mimi namlaumu, kwa sababu aliyetolewa mara nyingi alikuwa yule asiye na sauti, yaani msichana. Hata hivyo lawama yangu haianzi kwake, inaanza kwa mfumo uliofanya binadamu kuwa sarafu ya kulipia makosa. Bwanikwa mwenyewe alipata mahali pa kusimama baadaye sana. Aliolewa, mumewe akaendelea kumkumbusha kwamba ni mtumwa, naye akakusanya mali yake na kumlipa mume huyo gharama ya uhuru wake, kisha wakaendelea kuishi kama mke na mume. Alitoroka bila kuondoka nyumbani.

Lakini nasisitiza kwamba kiini cha suala kiko kwa mpokeaji, na hili linaonekana vizuri zaidi pwani, ambako kumbukumbu zimeandikwa kwa wingi. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, wakajenga makazi yao Makorora, na askari wa Sultani wakashindwa kuyavunja. Huko Kenya, Fuladoyo ilikuwa kimbilio la watoro nyuma ya Mombasa, na kiongozi wake Mkristo, David Koi, aliuawa mwaka 1883 na watu wa pwani waliochukizwa na hifadhi hiyo. Haya yalikuwa makazi ya watu waliojipokea wenyewe, na kila siku yaliishi yakisubiri kushambuliwa.

Jirani yao, Rabai, misheni ya Waanglikana ilibanwa na jambo gumu. Mabwana walidai watoro wao. Wakubwa wa misheni, wakiogopa kuvunjika kwa amani na kukasirika kwa Sultani, walitoa amri watoro wasipokewe. Aliyekuwa Rabai mchana na usiku, hata hivyo, alikuwa mchungaji William Jones, ambaye mwenyewe aliokolewa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa India. Mbele yake ilisimama sheria ya mwajiri wake, na mlangoni walisimama watu waliokuwa na hali aliyoijua mwilini mwake. Watoro waliingia, wakalima, wakajenga. Mwaka 1888 mambo yakakaribia kumwaga damu, mpaka George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipolipa fidia kwa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Angalia nani alilipwa. Aliyeibiwa maisha hakupata kitu, aliyeyaiba alipata fedha. Naelewa kwa nini Mackenzie alifanya hivyo, na nakubali kwamba mtoro wa Rabai asingependa tusubiri haki kamili wakati shingo yake iko hatarini. Bado ni dhuluma, na inafaa iitwe hivyo.

Mtego huo huo uliwanasa mapadre wa Bagamoyo, waliofika huko mwaka 1868 na kununua watoto sokoni ili wawalee katika kijiji cha uhuru. Kila mtoto aliyenunuliwa aliokoka, na kila fedha iliyolipwa ilimwambia mfanyabiashara kwamba kuna mnunuzi mwingine.

Turudi Njombe. Wamisionari wa Berlin walifika nyanda za juu miaka ya 1890, na mwishoni mwa karne hiyo vituo kama Kidugala na Lupembe vilikuwa vimeanza katika nchi ya Wabena. Katika eneo lote la kusini magharibi, serikali ya Wajerumani ilipokamata misafara, wanawake na watoto waliookolewa waliwekwa mikononi mwa misheni. Wengine walifika wenyewe kwa miguu. Hapo walipewa chakula, nguo na mahali pa kulala, na walipewa pia masharti: kusali, kufanya kazi, kutii mkuu wa kituo. Wanawake wengi waliozwa muda si mrefu, kwa kuwa misheni nayo haikujua namna nyingine ya kumweka mwanamke mahali salama. Ukiliangalia kwa jicho la Narwimba, mmisionari alikuwa bwana mwingine mwenye watu wengi. Tofauti ilikuwepo, na kwa aliyeponea chupuchupu ilikuwa kubwa sana: bwana huyu hakuuza. Lakini aliyepokewa alikuwa sasa mtu wa misheni, na wakati wa vita hilo lilikuwa na gharama yake. Mwezi Septemba 1905, vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani ilipowaka, watu wa Mbeyela, mtawala wa Wabena, walishambulia kituo cha Yakobi, na mmisionari Gröschel akakilinda pamoja na Wakristo wake. Kwa mtu aliyepata hifadhi Yakobi, upande wa kupigania haukuwa wa nadharia. Nje walikuwepo Waafrika wenzake wanaopigania nchi dhidi ya Wajerumani waliokuwa wakiwatoza kodi na kuwachapa viboko. Ndani kulikuwa na paa pekee lililomkubali.

Na serikali yenyewe ilichagua nini? Wajerumani walijitangaza kuwa wamekuja kukomesha utumwa, wakawanyonga wafanyabiashara kadhaa, kisha wakaacha utumwa uendelee kisheria muda wote wa utawala wao. Kanuni ya mwaka 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa malipo. Amri ya 1904 ilisema watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Hati za uhuru zipatazo 60,000 zilitolewa kati ya 1891 na 1912. Kwa idadi ya watumwa waliokuwepo, mamia ya maelfu, hilo ni sehemu ndogo. Wengi zaidi waliondoka wenyewe, kimya kimya, bila hati, wakatafuta kazi kwenye reli na mashamba, au wakahamia mahali ambapo jina la bwana wao halikujulikana. Katazo kamili la kisheria Tanganyika liliwekwa na Waingereza mwaka 1922. Na mwaka uliofuata, 1923, Waingereza hao hao walitunga sheria ya mabwana na watumishi iliyomfanya kibarua anayeacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa mhalifu. Wanaume wa Njombe waliijua vizuri, kwa sababu wilaya yao ilikuwa chimbuko kubwa la manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, hasa baada ya ofisi ya kuajiri, SILABU, kuanzishwa mwaka 1944. Sisemi manamba alikuwa mtumwa. Alikuwa na mkataba, ujira na siku ya kurudi. Nasema tu kwamba serikali iliyompiga marufuku mwenye watumwa iliendelea kumsaka mtoro.

Ndani ya familia ulifanyika uamuzi mwingine ambao vitabu vinauzungumzia kidogo: kutosema. James Giblin, aliyeandika historia ya watu wa Njombe katika karne ya 20, alionyesha jinsi familia ilivyofanywa kimbilio na watu waliotengwa na serikali na manufaa yake. Kimbilio hilo lilipokea pia wazao wa mateka. Bibi aliyeletwa kutoka vitani akawa bibi tu, mtoto wake akapewa jina la ukoo, na wazee wakakubaliana kwamba habari hiyo isirudiwe mbele ya wageni wala wakati wa posa. Ukimya huo ulikuwa na huruma kubwa ndani yake, kwani ulimzuia mjukuu kuitwa mtoto wa mtumwa. Wakati mwingine ulikuwa na hila pia: jambo linajulikana na wachache, na linatolewa kabatini siku ya kugawana shamba. Mwandishi wa historia anayebisha hodi kwenye nyumba kama hiyo anapaswa kuheshimu haki ya wenyewe ya kunyamaza. Nawaelewa zaidi wazao waliochagua kusema, kama James Mbotela wa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, aliyeandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, lakini Frere Town ilikuwa jamii nzima ya watu wenye historia moja. Njombe kila mmoja aliingia peke yake katika ukoo wa wenye nchi.

Siwezi kuishia hapo, kwa sababu suala la mpokeaji bado liko stendi ya Makambako. Nyanda za juu za kusini zinajulikana nchi nzima kwa kutoa mabinti wa kazi za ndani. Wengi wanakwenda kwa hiari, wanalipwa, wanasaidia kwao. Wengine wanachukuliwa na mtu anayejiita shangazi, wakiwa hawajafikia hata miaka 14 ambayo Sheria ya Mtoto ya 2009 imeiweka kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na wanapofika mjini simu inachukuliwa, mshahara unasemekana unatumwa kwa mama. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ipo tangu 2008. Namba 116 ya kupiga kwa ajili ya watoto ipo. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilitokana na mahojiano na Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na ilieleza pasipoti kushikwa, saa za kazi kupita kiasi, na waliokimbia kuripotiwa kwa kosa la utoro. Baadhi walitakiwa kurudisha gharama ya kuajiriwa kwao kabla ya kuachiwa. Fedha hiyo nani anaitoa? Ndugu wanaketi tena, kama ukoo wa Bwanikwa ulivyoketi, wanahesabu kiwanja, ng'ombe, shamba la miti ambalo halijakomaa.

Lakini fikiria aliye karibu zaidi: binti aliyetoroka nyumba ya mwajiri, hana nauli, amebisha kwa mama lishe au kwa jirani. Mpokeaji ana njia tatu. Anaweza kumrudisha, kwa kuogopa ugomvi na kwa kujiambia kwamba mambo ya nyumba za watu hayamhusu. Anaweza kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, dawati la jinsia na watoto polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii, akakaa naye mpaka kwao wapatikane, kazi inayokula siku na fedha. Au anaweza kumwambia, kaa hapa mwanangu, utanisaidia kuosha vyombo, na mwezi unakwisha bila neno la mshahara. Njia hiyo ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu anayeichukua hulala usingizi akijiona ametenda wema, na binti naye humshukuru. Merere, wakuu wa Wangoni na wakuu wa vituo vya misheni, wote walipata watu kwa njia hiyo, na waliopokewa waliwashukuru.